Vitunguu vyangu na Jumuiya ya shemeji

Fuso ilifika mpakani Jumanne saa tisa alasiri na magunia ya vitunguu vya Mang'ola. Ijumaa asubuhi ilikuwa bado palepale. Nilipanda gari nikaenda kuiona mwenyewe. Harufu ilinipokea kabla sijafika, na chini ya turubai maji ya kahawia yalikuwa yanadondokea tairi la nyuma, tone kwa tone. Wauza vitunguu wenzangu mnajua: kikioza kimoja katikati ya gunia, usihesabu tena kimoja.

Kosa lenyewe? Jina langu kwenye cheti cha uasilia, kile kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani, lilipungua herufi moja, halikulingana na lile la kwenye cheti cha afya ya mimea. Ofisi ya kwanza ikasema warekebishe wenzao. Wenzao wakasema mtandao uko chini, njoo kesho mama. Sitaji ofisi wala upande wa mpaka, maana mwezi ujao napita tena hapohapo.

Usiku nikawasimulia nyumbani. Shemeji, mume wa dada yangu, akaweka kijiko chini. "Si ndiyo Jumuiya yenu hiyo ya Afrika Mashariki? Ivunjwe tu, kila mtu ashike lake." Nilikuwa na hasira, nikamuitikia.

Kesho yake nimerudi mpakani, nimekaa kwenye kigoda nachambua, vizima huku, vilivyoanza kulegea kule, nikawa nawapitia kichwani wote niliowabembeleza siku zile. Yule wa dirishani. Bosi wake aliyekuwa chai. Wa mizani. Askari wa geti. Kila mmoja analipwa mshahara na serikali, ya huku au ya kule. Wa Jumuiya alikuwa nani? Hakuna. Jumuiya haina mtu hata mmoja wa kugonga muhuri mpakani. Ina sekretarieti, bunge na mahakama hapa Arusha, kwenye lile jengo la karibu na AICC, ule ukumbi wa mikutano ya kimataifa, lililojengwa kwa fedha za Wajerumani. Nimepita mbele yake miaka yote hii na wala sijawahi kuingia.

Sasa mchukue shemeji huyohuyo. Bomba la uani kwake halijatoa maji tangu mwaka juzi, na bili inakuja. Kesi yake ya kiwanja imeshabadilisha mahakimu watatu. Hajawahi kusema Tanzania ivunjwe! Anasema mkandarasi mwizi, anasema diwani wetu hovyo, uchaguzi ujao tutaona. Nchi ikikosea, kuna mtu aliyekosea ndani ya nchi. Jumuiya ikikosea, hata kwa kosa la mtu wa nchi, basi yenyewe haikupaswa kuzaliwa.

Na tunaidai kama vile ina mabavu. Bajeti yake ya 2024/25 ilikuwa kama dola milioni 113, kwa nchi nane. Mwaka huohuo bajeti ya Tanzania peke yake ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Ukizigeuza zile dola zinakuja kama bilioni 300, hazifiki hata asilimia moja ya bajeti yetu. Hata hizo hazilipwi kwa wakati. Bunge la Afrika Mashariki limewahi kusimamisha shughuli kwa kukosa hela. Juu ya hapo, marais wakikutana huamua kwa makubaliano ya wote. Mmoja akigoma, limeishia hapo.

Hebu kumbuka Oktoba 2017, vifaranga 6,400 kutoka Kenya vikachomwa moto Namanga, mpakani mwetu na Kenya. Aliyechoma ni serikali yetu. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu na ya Uganda, ikasema yana sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Uamuzi ulitoka Nairobi. Rwanda ikafunga mpaka wake na Uganda wa Gatuna Februari 2019, ukaja kufunguliwa mwishoni mwa Januari 2022. Mara zote hizo sokoni nilisikia sentensi ileile: Jumuiya imekufa. Lakini kituo cha pamoja cha Namanga kilipozinduliwa Desemba 2018, waliosifiwa ni Magufuli na Kenyatta.

Halafu siku Jumuiya ikijitutumua nayo ni kosa. Mwaka 2014 mahakama yake iliizuia serikali kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Shemeji alifoka wiki nzima: hawa ni nani watuingilie? Ndiye huyu anayeniambia ivunjwe kwa kuwa haina meno.

Mimi si msemaji wao. Wabunge wale tisa wa kila nchi huchaguliwa na bunge la nchi yao, sijawahi kupanga foleni kuwapigia kura, na wala sijamwona mmoja wao akikagua gunia mpakani. Soko la pamoja lilianza Julai 2010, na mimi bado nakwama kwa herufi moja. Hapo nawalaumu, na nitaendelea kuwalaumu. Ila lawama ya vile vitunguu nimeshaigawa: nyingi imeenda dirishani, kidogo kwangu niliyesaini cheti bila kukisoma, na iliyobaki ndiyo ikapanda mpaka Arusha.

Mzigo ulivuka Jumamosi. Mnunuzi wangu wa Marikiti, Nairobi, alichukua theluthi mbili, bei ya huruma. Vilivyobaki nilirudi navyo, na Jumapili dada akakata kachumbari. Shemeji akala, akaongeza, akarudia hotuba yake yote toka mwanzo: ivunjwe, kila mtu ashike lake.

Alipomaliza akajifuta midomo, akasogeza kiti.

"Shemeji, hivi ukipeleka mzigo tena, hamna nafasi kidogo ya maparachichi yangu? Nasikia Nairobi wanatoa bei nzuri."