Nilivyowaelewa Plantagenet kwa maneno ya ukoo

Nimeweza! Leo nasimulia bila karatasi jinsi ukoo wa Plantagenet ulivyokipata kiti cha Uingereza.

Tunaishi Reading, mji wa Uingereza, karibu na magofu ya abasia alikozikwa Henry wa Kwanza. Mwanangu alipoanza kuwasoma wafalme hawa shuleni, jamaa mmoja aliyewahi kufundisha historia alinishauri: akariri miaka, mengine yatakuja yenyewe. Hayakuja. Ushauri ule ulitupotezea mwezi mzima na bado unaniudhi.

Nilinunua kadi, pauni mbili tatu hivi, nikabandika majina na miaka mlango mzima wa friji. Kila jioni tulikwama palepale. Henry wa Kwanza alimwoa Matilda, akamzaa Matilda, na Stephen aliyemnyang'anya huyo binti kiti, mkewe naye ni Matilda! Mtoto alilia, nami nikazibandua zote.

Usiku mmoja nikikunja nguo nikaanza kumsimulia kama ninavyomsimulia ule ugomvi wa shamba la babu yake kule Muheza. Majina nikayaweka kando. Binti wa Henry nikamweka katikati, kila mtu nikamwita kwa jinsi anavyomhusu. Baba: mwanawe wa kiume wa ndoa alizama na meli iitwayo White Ship mwaka 1120, baba akawaapisha wakuu wamtambue binti kuwa mrithi. Mtoto wa shangazi, yaani Stephen: aliapa naye, lakini mzee alipofariki mwaka 1135 akakimbilia Uingereza, akavikwa taji mwezi huohuo. Mjomba: David, mfalme wa Scotland. Kaka wa baba mmoja: Robert wa Gloucester, mtoto wa nje ya ndoa, ndiye aliyempigania binti kuliko wote. Mume: Geoffrey wa Anjou, ambaye inasemekana alipenda kuchomeka kofiani kitawi chenye maua ya njano kiitwacho planta genista. Jina la ukoo likatoka hapo, ingawa wazao wake walianza kulitumia kama jina la familia baada ya miaka mia tatu.

Mwanangu akakaa kitako. Mwaka 1141 mtoto wa shangazi akatekwa Lincoln. Binti akaingia London, wenyeji wakamfukuza kabla hajavikwa taji. Kisha kaka naye akatekwa, wakabadilishana mateka: kaka kwa mtoto wa shangazi. Vita vikarudi mwanzo! Hapo alinishika mkono nisiende kulala.

Kama unamfundisha mtoto, anza na mateka hawa, miaka itafuata. Na usimtafsirie ukoo kutoka Kiingereza, maana kule mjomba na baba mdogo wanaitwa kwa neno moja.

Mwaka 1153 wakapatana: Stephen atawale hadi kufa, kisha kiti kiende kwa Henry, mtoto wa binti na Geoffrey. Mwaka uliofuata Henry huyo, sasa Henry wa Pili, akavikwa taji akiwa na miaka 21. Wanawe Richard na John walituchukua jioni moja tu.

Tulipofika kwa Arthur ndipo nilipojua ameelewa. Baba yake Arthur alikuwa kaka mkubwa wa John, na alikwisha kufa. Richard alipofariki mwaka 1199, John akakitwaa kiti ambacho Arthur naye alikidai. Mwaka 1202 akamteka Arthur, na mwaka uliofuata kijana akatoweka asionekane tena.

Mwanangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama, si baba mdogo ndiye aliyepaswa kumlea?"