Siku moja maishani mwangu: likizo ya bamvu Mikindani, Mtwara

Nyumba ya kukodi, vyumba vitatu, watu saba: mimi, baba watoto, mama mkwe, wifi na watoto watatu wa miaka 11, 8 na 4. Mwezi wa sita, shule zimefungwa, kusi inapuliza. Wengine wamekuja kupumzika. Mimi nimehamisha jiko.

Saa 11 alfajiri

Kabla ya chai naangalia mwezi. Leo ni tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu, kwa hiyo tumo kwenye bamvu. Hesabu ya pwani hii ni nyepesi: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 maji hujaa sana na kupwa sana, karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu, bahari husogea kidogo tu. Siku za bamvu maji hujaa saa 10 alfajiri au baadaye kidogo, yakapwa kabisa kwenye saa 4 na nusu asubuhi, yakajaa tena saa 10 na nusu jioni. Wiki moja mbele mambo hugeuka: asubuhi ndipo yanapojaa, jioni ni tope na mikoko.

Anayepanga kuogelea saa 4 asubuhi kwa sababu ndivyo wanavyofanya kwenye picha, leo atawapeleka watoto kuogelea kwenye matope. Kwa hiyo ratiba ya nyumba naipanga kwa maji: kutembea ufukweni asubuhi, kula, kulala, kuogelea jioni.

Maji ya kunywa ni hesabu nyingine. Kisima cha uani kina chumvichumvi, sabuni haitoi povu na maharage yakipikwa kwa maji yake hayaivi hata ukeshe. Kisima ni cha kuoga, kufua na kuosha vyombo. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tunanunua: lita 3 za kunywa kwa kila mtu ni 21, za chai, wali na mboga ni 15 hivi, jumla madumu mawili ya lita 20 kwa siku. Kazi hiyo ni ya baba watoto na lazima iishe kabla ya saa 1. Madumu yana alama ya kamba nyekundu shingoni, maana dumu la kisima na dumu la kunywa yakifanana, mtoto wa miaka minne hatauliza.

Saa 12 na nusu

Jua ndiyo linachomoza. Chai, mihogo ya kuchemsha, na ming'oko, mizizi ya porini niliyonunua jana barabarani, tunaila kwa chumvi na pilipili. Hapa sisumbuki.

Saa 1

Dikoni, wavuvi wanaposhusha samaki. Waliovua usiku wamerudi, kwa hiyo asubuhi nanunua samaki: changu wanne au watano, jumla kilo 2 na nusu. Nafunua shavu, liwe jekundu, si la kahawia. Nabonyeza mgongo, nyama irudi. Jicho likiwa limezama na lina ukungu, naendelea kwa muuzaji mwingine hata kama bei inashuka nikiwa nimesimama.

Pweza sinunui asubuhi. Pweza wa bamvu huchokolewa miambani maji yakiwa yamepwa, yaani anafika nchi kavu saa 6 au saa 7 mchana. Anayeuzwa saa 1 asubuhi ni wa jana. Wageni wengi hawajui hili, halafu wanasema pweza wa Mtwara ana harufu.

Samaki wanaingia kwenye ndoo yenye mfuniko, barafu kilo kwa kilo: samaki kilo 2 na nusu, barafu kilo 2 na nusu, tabaka kwa tabaka, na tundu chini la kutoa maji. Samaki akikaa ndani ya maji ya barafu iliyoyeyuka nyama inalainika na ladha inaondoka.

Saa 3

Maji yanatoka. Baba watoto na wifi wanawapeleka watoto ufukweni, na mimi sitoki. Kabla hawajavuka mlango kuna "Mama, kofia yangu iko wapi?" mara tatu, kutoka kwa watoto watatu tofauti, na mara ya nne kutoka kwa baba yao.

Sheria za kutembea kwenye maji yaliyopwa ni hizi. Raba za zamani zilizofungwa kamba, si ndala, maana tope hunyonya ndala na mtoto hubaki pekupeku juu ya mwamba. Kwenye mchanga wenye maji ya kifundoni miguu inakokotwa, hainyanyuliwi: samaki taa hujifukia mchangani, na akisikia mtikisiko huondoka, lakini akikanyagwa hupiga kwa mwiba wa mkia. Konokono mwenye gamba zuri refu lenye ncha haokotwi; wako wanaochoma kwa sumu. Mkono hauingii tunduni.

Saa 4 na nusu wanageuka, hata kama mtoto ndiyo kwanza ameona kaa. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanapanda kidogo, saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia. Ndani ya saa hizo mbili hupanda karibu nusu ya kimo chote. Bamvu hapa ni zaidi ya mita 3, kwa hiyo ni mita moja na nusu na ushei kwa saa mbili: kutoka kifundo cha mguu hadi kichwa cha mtoto. Na hujaa kwanza kwenye mikondo iliyo karibu na nchi kavu, nyuma ya migongo ya watu wanaotazama mbali.

Saa 3 na nusu

Nyumba tupu. Mama mkwe amekaa juu ya mbuzi, anakuna. "Mwanangu, hii nazi ni changa," ananiambia, na ana haki, tui lake litakuwa jepesi. Nazi nzuri ukiitikisa maji husikika na ganda ni la kahawia kavu. Kwa kilo moja ya mchele nazi mbili. Leo tunaongeza ya tatu.

Nazi iliyokunwa inamiminiwa maji ya uvuguvugu kama nusu lita, inaminywa kwa mkono hadi vidole vinateleza, inachujwa kwenye kifumbu: hilo ndilo tui zito, linawekwa pembeni. Machicha yaleyale yanapewa maji tena mara mbili, tunapata tui jepesi lita moja na robo. Tui jepesi linachemka na chumvi, mchele unaingia, sufuria haikorogwi tena na tena maana wali utakuwa bokoboko. Maji yakikaribia kukauka, tui zito linamwagwa juu, moto unapunguzwa kabisa, mkaa kidogo unapaliwa juu ya mfuniko. Dakika 20. Harufu ikigeuka kuwa ya nazi iliyokaangwa, umechelewa dakika mbili, ukoko umeshaanza. Wakorofi wa nyumba hii wanaugombania.

Upande wa mchuzi moto mkali ni adui. Tui zito likichemka kwa fujo hukatika, mafuta huelea juu na chini hubaki chengachenga. Linaingia mwisho, linakorogwa upande mmoja, likianza kutokota tu linaepuliwa. Na mchuzi wa nazi haulazwi. Kwa joto la hapa uliopikwa mchana jioni umeshaanza kuchacha, kwa hiyo napika wa kutosha mlo mmoja, basi.

Saa 6 na nusu

Tunakula. Saa 7 pweza anafika mlangoni kwa kijana wa dikoni, kilo 3, kwa sababu akiiva hubaki karibu nusu. Wifi anampondaponda kwenye jiwe, anamwosha, anamweka kwenye sufuria bila tone la maji. Anajichemsha kwa maji yake mwenyewe dakika 45 hadi saa nzima. Chumvi baadaye, ana yake ya kutosha.

Saa 8

Wengine wanalala. Nafua taulo kwa kisima na kusuuza mara ya mwisho kwa kopo moja la maji baridi, la sivyo chumvi hubaki kwenye nyuzi, taulo halikauki na linachubua mapaja ya mtoto mdogo.

Saa 9 na nusu

Sasa bahari imekuja mlangoni. Mtu mzima mmoja kwa mtoto asiyejua kuogelea, naye yumo majini, hakai mchangani na simu. Maboya ya kupuliza na matairi nimeyakataa: kusi inatoka upande wa mji kwenda mdomo wa ghuba, na kitu kilichojaa upepo hukimbia kuliko mtu mzima anavyoogelea.

Kwenye kikapu kuna siki, chupa kubwa ya maji moto, koleo ndogo ya nyusi na pakiti za chumvichumvi za kuharisha, moja kwa lita moja. Yavuyavu akimwasha mtoto: suuza kwa maji ya bahari, mimina siki, usisugue kwa mchanga wala kuosha kwa maji baridi ya kunywa, maana sumu iliyobaki kwenye ngozi hufyatuka upya. Mwiba wa taa au wa mdudu mweusi wa miiba ni kinyume: mguu unatiwa kwenye maji ya moto yanayovumilika, mtu mzima ajaribu kwanza kwa mkono wake, nusu saa hadi saa na nusu. Joto hutuliza sumu. Miiba ya yule mdudu hukatika kama chaki, kwa hiyo haichimbwi kwa sindano. Maumivu yakipanda juu ya goti au mtoto akihema vibaya, hospitali.

Saa 12 jioni

Jua linazama mara moja, na mbu hawachelewi. Mikono mirefu, suruali, vyandarua vimeshushwa kabla taa haijawashwa na pindo limeingizwa chini ya godoro. Chandarua cha nyumba ya kukodi nakikagua kwa tochi. Tundu la kidole linashonwa leo, si kesho. Pweza anaungwa kwa kitunguu, nyanya na ndimu.

Saa 3 usiku

Nanyanyua mtungi wa gesi kwenye mizani ya samaki ya jirani. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa shingoni. Natoa, inabaki kilo moja na robo. Inatosha chai na mlo wa kesho, mkaa utabeba mengine.

Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Kesho yatapwa karibu saa 5 na robo, chakula kitasogea hadi saa 7 na nusu, pweza atakuja saa 8. Naandika kwenye karatasi, nabandika kwenye mlango wa jiko ili wasiniulize, halafu naitega simu saa 12 kasorobo badala ya saa 11.