Pesa za Christian Kirk zilikuwa halali yake

Bado kuna watu wanasema Jacksonville Jaguars, timu ya NFL (ligi ya futiboli ya Marekani), walipigwa bei pale Machi 2022 walipomsaini Christian Kirk kama mchezaji huru, miaka 4 dola milioni 72, eti risiva (mdakaji wa pasi) ambaye kule timu yake ya zamani, Arizona, hakuwahi hata kufikisha yadi 1,000 kwa msimu. Mi nakataa kabisa. Jamani hii timu ilikuwa imetoka kushinda mechi 3 tu kati ya 17, na kwotabeki (mrusha pasi) wao kijana Trevor Lawrence alikuwa na intasepsheni 17, yaani pasi zilizodakwa na wapinzani, kwa tachidauni (pasi za kufunga) 12, sasa mchezaji gani huru angeenda huko kwa bei ya kawaida? Lazima uongeze dau, ndo soko lilivyo.

Na Kirk akalipa msimu huo wa 2022, alidaka mipira 84, yadi 1,108, tachidauni 8, Lawrence akapanda hadi tachidauni 25, timu ikachukua ubingwa wa kundi lao, AFC South, halafu kwenye mtoano ikawatoa Chargers 31-30 baada ya kuwa nyuma 27-0!

Sawa, baadaye majeraha yalimwandama, 2024 akavunjika mtulinga, 2025 wakampeleka Houston kwa bei ya kutupa. Lakini bila yeye ile 2022 haipo, na mtu anayehesabu milioni tu bila kuangalia Lawrence alivyobadilika hanishawishi.