Maskini Mwenye Hekima Ambaye Hakukumbukwa

Somo: Mhubiri 9:13–18

Wapendwa katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Mhubiri anasimulia habari za mji mdogo wenye watu wachache, uliozingirwa na mfalme mwenye nguvu, ukaokolewa kwa hekima ya maskini mmoja ambaye baadaye hakuna aliyemkumbuka. Jina lake halitajwi, na huenda hata msimulizi mwenyewe hakulijua.

Juma hili nawaomba tulisome somo hili pamoja na maisha ya Joseph Needham, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1900. Alikuwa Mwanglikana kama wengi wetu hapa Dodoma, na kwa miaka mingi alisali katika kanisa la Thaxted, huko Uingereza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kemia ya viumbe hai katika Chuo Kikuu cha Cambridge, nayo peke yake ingetosha kumpa heshima hadi uzeeni. Lakini mwaka 1937 walifika Cambridge watafiti vijana kutoka China, akiwamo Lu Gwei-djen, binti wa mwuza dawa wa Nanjing. Ndipo Needham, akikaribia umri wa miaka 40, akakubali kuwa mwanafunzi tena na kuanza kujifunza Kichina. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumwa China kuwasaidia wanasayansi wa huko, akawa anakusanya vitabu vya kale kila alikopita.

Mwaka 1954 likatoka juzuu la kwanza la kazi yake kuhusu historia ya sayansi na ustaarabu wa China. Alidhani kitabu kimoja kingetosha. Juzuu ziliongezeka hata alipofariki mwaka 1995, kazi ikaendelezwa na wengine. Humo alionyesha kwa ushahidi kwamba karatasi, uchapaji, dira ya sumaku na baruti vilijulikana China kabla ya kufika Ulaya. Linalonigusa zaidi, hata hivyo, ni kwamba juzuu lile la kwanza hakulitabaruku kwa mtawala wala kwa profesa, bali kwa baba yake Gwei-djen, yule mwuza dawa.

Habari ya baruti inatufikisha kwenye mstari wa 18, usemao kwamba hekima ni bora kuliko silaha za vita, lakini mkosaji mmoja huharibu mema mengi. Katika karne ya 9, waalkemia wa China (wataalamu wa kale wa kuchanganya madini na dawa) waliokuwa wakitafuta dawa ya kurefusha maisha walichanganya shura (aina ya chumvi inayochochea moto), salfa na mkaa, wakapata kitu kinacholipuka; na kufikia mwaka 1044 kitabu cha kijeshi cha huko kilikuwa tayari kimeandika namna ya kuichanganya baruti. Kilichotafutwa kwa ajili ya uhai kikaingia vitani. Needham mwenyewe hakuwa malaika: mwaka 1952 aliingia katika tume iliyoituhumu Marekani kutumia silaha za vijidudu huko Korea, akalaumiwa vikali, na kwa miaka mingi akanyimwa ruhusa ya kuingia Marekani. Kwa maoni yangu, mapenzi yake kwa China yalimfanya aamini upesi mno.

Nasi tuna maskini wetu wenye hekima. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini waliosaga rangi zile zikadumu juu ya mwamba hatuwajui hata mmoja. Wapo pia waliojua kuyeyusha chuma katika vilima vya Kondoa, na wale wa Bahi waliojua udongo upi una chumvi, wakauchuja kwa maji na kuyachemsha hadi chumvi ikabaki. Hii ni kemia, ingawa hakuna aliyeiita hivyo (na vijana wetu wanaosoma sayansi sekondari wangefaidika kuisikia ikitajwa kanisani).

Kwa hiyo, katika vikundi vya nyumbani juma hili, tuwaombe wazee watusimulie mafundi waliowafahamu: aliyefua majembe, aliyechemsha chumvi, aliyejua dawa ya mifugo. Katibu wa kila kikundi aandike jina la fundi, kijiji chake na namna alivyoifanya kazi yake, kisha tuwaombee jamaa zake kwa majina.