Haya zilivyonipungua nyuma ya pazia: uzoefu wangu wa maigizo ya skuli

Kijana anayekaukwa na koo akiulizwa jina darasani asianzie jukwaani, aanzie ubavuni mwa pazia. Mimi niliomba kazi ya mkumbushaji, ambayo haigombaniwi. Unakaa na maandishi mapajani, kidole kikifuata mstari. Mwigizaji akikwama, unahesabu moja hadi tatu kimoyomoyo, kisha unampa maneno mawili tu ya mwanzo. Ukiwahi, umemkatizia kituo alichokikusudia. Na usinong'one: mnong'ono ni pumzi tupu, watazamaji watasikia "s" zako na mwenzako asiambulie kitu. Toa sauti halisi, ya chini.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba waigizaji wote hukuhitaji. Mwenye haya, kujibu anaweza; kinachomshinda ni kuanza, na hapa wanaanza wao: "Hebu nisikilize ukurasa huu." Marafiki niliwapata hivyo, katika kuhifadhi na katika kurudisha madawati madarasani.

Ukishaujua mchezo wote, chukua nafasi yenye mistari minne mitano. Pamoja na maneno yako, hifadhi matatu ya mwisho ya mwenzako, maana hayo ndiyo yatakayokuvutia yako. Mikono nayo ipe kazi. Nilipoigiza mvuvi nilikuwa nashona wavu: fundo moja kila sentensi, macho juu. Jizoeze nyumbani mpaka vidole viijue kazi, la sivyo utainama na sauti itaishia kifuani. Kabla ya kutoka, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, uitoe kwa 6. Kuitoa taratibu ndiko kunakotuliza moyo.

Mazoezi yawe baina ya alasiri na magharibi, siku zisizogongana na chuo cha Kurani, na wazee waarifiwe mapema, khasa wa wasichana. Wanaoigiza mume na mke wawekewe sinia la chakula katikati badala ya kushikana: watazamaji wanaelewa, na hapana anayefedheheka.

Mapenzi yanataka subira zaidi. Maneno ya mchezo hupasha moyo, na mtu huweza kumpenda mhusika akadhani kampenda mwenzake. Niliyempenda sikumwambia kitu mpaka mchezo ulipokwisha na wiki kadhaa zikapita, nikaona bado natamani kumsikia akisema maneno yake mwenyewe. Tukawa tunazungumza barazani kwao, ndugu zake wapo. Posa ilipelekwa tulipomaliza masomo.