Heliamu ilipoacha kuchemka

Wiki mbili za mafunzo Uholanzi naziruka, zilikuwa za darasani na za mvua. Mimi moyo wangu ulikuwa mji wa Leiden. Nimefundisha fizikia sekondari miaka kumi na moja, kila mwaka naandika ubaoni kwamba sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa, ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri, na kitu cha baridi kuliko vyote nilichowahi kukishika ni barafu ya muuza soda.

Nauli ya treni iliniuma. Kikombe cha chai pale stesheni kilikula pesa ya chapati na maharage ya siku tatu, na tangawizi hakuna. Nyumba ya wageni wakanitoza hadi taulo.

Makumbusho ya Boerhaave niliona vyombo ambavyo mwanafizikia wa Kiholanzi Heike Kamerlingh Onnes alivitumia tarehe 10 Julai 1908 kuigeuza gesi ya heliamu kuwa kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Nilisimama pale kidogo tu, kwa sababu nilikuwa nawahi miadi kwenye maabara moja, ambako fundi mmoja mzee alikubali kunionyesha kitu chenyewe kikiwa hai.

Kilikuwa ndani ya chupa ya kioo yenye kuta mbili, kama chupa ya chai iliyovuliwa ganda. Heliamu haionekani vizuri, usingejua inaishia wapi kama isingekuwa inachemka. Mzee akawasha pampu, ikaanza kunyonya mvuke. "Mwalimu, achana na kipimo. Tazama mapovu."

Kunyonya mvuke kunapozaje? Nilitaka kuuliza, nikaukumbuka mtungi wa bibi. Maji yanatoka jasho kwenye udongo, jasho linakauka na kuondoka na joto, ya ndani yanabaki baridi. Pampu ilikuwa inafanya kazi ya ule mtungi, kwa nguvu tu.

Kelvini 4, yaani nyuzi nne tu juu ya sifuri halisi. 3. 2.5. Mapovu yakazidi, chupa nzima ikatibuka kama uji unaotaka kumwagika. Ilipofika 2.17, kimya. Pampu inanguruma vilevile, lakini povu hata moja hakuna, uso umelala kama kioo. Mzee akanieleza: heliamu ya hali hiyo hupitisha joto upesi mno, hakuna mahali ndani yake panapowahi kupata moto kuliko pengine hata povu lizaliwe. Inakauka kimyakimya kutoka juu.

Kisha akainua kikombe chenye kitako cha udongo uliochomwa, kama wa chungu. Kabla ya hapo kilishika heliamu bila tone kudondoka. Sasa ilikuwa inachuruzika kana kwamba kitako kimeondolewa, kwa sababu unato wote, ile hali ya kimiminika kujishikilia kinapotiririka, umekwisha. Akaleta kikombe cha pili, cha kioo kitupu, hakina tundu. Kimiminika kilipanda ukuta kwa ndani, utando mwembamba usioonekana, kikateremka kwa nje. Niliona tone likijikusanya chini ya kikombe, likaning'inia, likaanguka. Nikaomba arudie. Akarudia mara tatu.

Tarehe 8 Aprili 1911, siku ileile kundi la Onnes walipoona zebaki imepoteza ukinzani wa umeme, waliandika pia kwamba heliamu iliacha kuchemka ghafla. Ilipita zaidi ya miaka ishirini na mitano kabla ya watu wa Moscow na Cambridge kutambua, 1937, kile kundi hilo lilichokuwa limekiona: kimiminika kisicho na unato.

Mzee alizima pampu, mapovu yakarudi. Mvuke wote uliingia kwenye bomba la kuuhifadhi, maana gesi hiyo ni ghali sana. Aliposikia natoka Tanzania akataja Rukwa, mahali palipotangazwa mwaka 2016 kuwa na heliamu nyingi ardhini. Nilikosa la kumjibu. Nimepita Sumbawanga kwa basi zaidi ya mara moja, na sijawahi kulitaja jambo hilo darasani.

Kwenye treni ya kurudi sikuona mandhari. Mtungi wa bibi bado uko nyuma ya mlango wa jikoni, tuliacha kuujaza tuliponunua friji. Shule zikifunguliwa naubeba hadi kidato cha tatu, pamoja na vipimajoto viwili.