Oili ya bei mbaya, dipstiki kavu

Fundi alivuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili ya injini, akaipangusa, akairudisha, akaivuta tena. Hakusema neno. Alininyooshea tu nijionee mwenyewe: kavu, ila tone moja jeusi kwenye ncha kabisa. Nilikuwa nimempelekea gari kwa sababu ya mlio wa tik-tik uliokuwa ukitoka juu ya injini kila asubuhi, na nilishajiaminisha kwamba tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu za injini, zimechoka. Tangu nibadilishe oili zilikuwa zimepita kilomita 9,400, na oili yenyewe ilikuwa sintetiki, ile ya galoni inayong'aa, niliyoinunua kwa zaidi ya mara mbili ya bei niliyoizoea.

"Hii mara ya mwisho kuiangalia ilikuwa lini?"

"Lakini ni sintetiki, fundi. Hii inakwenda mpaka elfu kumi na tano."

"Kwa hiyo sintetiki haiishi?"

Nilikaa kimya. Ukweli ni kwamba tangu siku ile niliyoimimina sikuwa nimefungua boneti hata mara moja. Nilikuwa nimenunua utulivu wa moyo, nikasahau kwamba ni kimiminika.

Gari langu ni la petroli, injini ya lita 1.8 isiyo na turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na lilikuwa limepita kilomita 160,000 nilipolipata. Kabla ya sintetiki hiyo nilitia oili ya kawaida ya madini, yaani iliyosafishwa kutoka mafuta ghafi, na kuimwaga kila baada ya kilomita 5,000 bila kufikiri sana. Kisha nikaingia katikati ya ubishi wa rafiki zangu wawili. Mmoja alishikilia kwamba oili ni oili, mwingine kwamba anayetia ya madini anaiua injini polepole. Huyu wa pili ana sauti kubwa. Basi nikaenda dukani, nikatafuta neno "sintetiki" kwenye galoni, nikalipa. Nilichagua neno tu. Namba za mnato, yaani za uzito wa oili inapotiririka, zilizokuwa chini yake sikuzisoma.

Baada ya aibu ile nilijifungia na kitabu cha gari, kile ambacho hukaa kwenye kisanduku cha mbele mpaka kinanyauka, nikaanza pia kusoma oili ni nini hasa. Jambo la kwanza lilinishangaza. Oili yoyote ya injini ni mafuta ya msingi yaliyochanganywa na kemikali za nyongeza: za kusafisha, za kuzuia kutu, za kuzuia chuma kulana na chuma. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, huyagawa mafuta hayo ya msingi katika makundi 5. La kwanza na la pili ndiyo hayo tunayoyaita ya kawaida, yaliyosafishwa kutoka mafuta ghafi. La nne hujengwa kiwandani kutokana na gesi, molekuli zake zikitoka karibu zote kwa umbo moja. La tano ni la yaliyobaki yote. Sasa kundi la tatu ndilo lenye kisa. Hilo nalo hutoka kwenye mafuta ghafi, ila hupikwa kwa haidrojeni chini ya joto na mgandamizo mkubwa mpaka molekuli zake zinavunjwa na kupangwa upya. Je, hiyo ni sintetiki? Mobil walisema si sintetiki, wakamlalamikia Castrol aliyekuwa akiiuza kwa jina hilo, na mwaka 1999 chombo cha usimamizi wa matangazo cha Marekani kikaamua upande wa Castrol. Tangu hapo galoni nyingi zenye neno hilo huko zimejaa mafuta ya kundi la tatu.

Sisemi hivyo kuibeza. Oili ya kundi la tatu iliyotengenezwa vizuri ni oili nzuri sana. Nasema tu kwamba neno nililolilipia halikuwa limenieleza chochote cha maana kuhusu injini yangu.

Cha maana kilikuwa kwenye kitabu. Pale paliandikwa 5W-30, na kama mbadala 10W-30, zenye kiwango cha API SL au cha baadaye yake. Herufi W imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi, na namba iliyo kabla yake inaonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi: ikiwa ndogo, oili inafika juu upesi zaidi. Namba ya pili ni mnato unaopimwa oili ikiwa na nyuzi 100. Hapo ndipo lilipovunjika jambo jingine nililokuwa nikiliamini, kwamba sintetiki ni "nyepesi" na ndiyo maana huvuja. 5W-30 ya madini na 5W-30 ya sintetiki, zikiwa na nyuzi 100, lazima ziwe ndani ya mipaka ileile ya mnato. Hiyo hofu ya kuvuja ina asili yake, maana baadhi ya sintetiki za miaka ya 1970 zilisinyaza sili za mpira. Watengenezaji wakaongeza kemikali za kuzivimbisha kidogo, tatizo likaondoka, hadithi ikabaki.

Kama si oili iliyokuwa nyepesi, basi yangu ilikwenda wapi?

Fundi aliniambia nisibishane na vitabu, nipime. Tuliweka 10W-30 ya madini, filta mpya, nikanunua daftari dogo. Kila nikijaza tangi nilipaki pahali tambarare, nikazima, nikasubiri dakika kumi oili ishuke kwenye sampu, bakuli la chini ya injini, ndipo nikavuta dipstiki. Kwenye gari langu umbali kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja, hivyo ni rahisi kukisia. Kilomita 1,000 za kwanza: imeshuka theluthi. Za pili: theluthi tena. Nikaketi na kalamu. Theluthi ya lita kwa kila kilomita 1,000, kwa kilomita 9,400 ni zaidi ya lita 3, na injini yangu inachukua lita 4.2. Yaani siku nilipofika gereji ndani kulikuwa na lita moja hivi, inazunguka peke yake kufanya kazi ya nne.

Nikamuuliza fundi mbona taa nyekundu ya oili haikuwaka. Alicheka. Taa ile, kwenye magari mengi, haipimi kiasi cha oili, inapima presha. Inawaka pampu inapoanza kuvuta hewa, na wakati huo madhara yameshaanza. Magari mengine yana kihisi cha kiwango pia, langu halina. Jambo hili moja lingeniokoa kuliko galoni kumi za sintetiki, na sijui kwa nini hakuna anayelitaja wakati wa ubishi.

Kwa hiyo injini ilikuwa inakula oili, ya madini kama ilivyokula ya sintetiki. Fundi aliangalia gaskiti ya tapeti kava, ule mpira unaoziba kifuniko cha juu ya injini, ikawa inatoa jasho kidogo tu. Kisha akachomoa ile valvu ndogo inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa, akaitikisa sikioni. Nzima hugonga ndani. Yangu ilikuwa bubu, imeganda kwa masizi, na badala ya kupitisha mvuke peke yake ilikuwa ikiachia injini ivute oili na kuiunguza. Ni kitu cha kushika kwa vidole viwili, na ni dakika tano kukibadilisha. Baada ya hapo daftari likaonyesha mililita 100 hivi kwa kilomita 1,000. Hizo nazivumilia. Ringi za pistoni zilizopita kilomita 160,000 hazirudi ujana. Baadhi ya vitabu vya magari huruhusu hadi nusu lita kwa kila kilomita 1,000.

Basi likabaki swali la mwanzo: nirudi kwenye sintetiki au nibaki na ya madini?

Kama ningekuwa mtu wa safari ndefu, ningerudi. Faida zake si maneno ya matangazo. Inastahimili joto bila kuoza haraka, inatiririka kwenye baridi kali, na haipotei kirahisi kwa mvuke. Kuna kipimo cha kuipasha moto oili kwa nyuzi 250 kwa saa nzima na kuangalia imepungua kiasi gani. Kiwango cha oili za injini za petroli kiitwacho ILSAC GF-6 hakiruhusu ipungue zaidi ya asilimia 15, na sintetiki nzuri hupungua chini ya hapo kwa mbali. Lakini mimi naendesha kilomita 4 kwenda kazini na 4 kurudi. Injini haipati muda wa kupata moto sawasawa, hivyo maji yanayotokana na mwako na petroli isiyoungua vinabaki ndani ya oili badala ya kukauka. Ukinusa dipstiki yangu mwishoni mwa miezi kadhaa utasikia petroli. Kitabu kinauita mwendo huo matumizi magumu, na kinapunguza muda wa kumwaga oili kutoka kilomita 10,000 hadi 5,000. Ile 15,000 niliyomtambia fundi sikuisoma kwenye kitabu hicho. Niliisoma kwenye galoni.

Sintetiki haina dawa ya petroli iliyoingia ndani yake. Itachafuka kama nyingine, na nitaimwaga ikiwa na nguvu zake nyingi bado. Kwa hiyo nimebaki na 10W-30 ya madini yenye alama ya kiwango ninachotakiwa, kila kilomita 5,000 au miezi sita, chochote kinachotangulia.

Gari la dada yangu ni habari nyingine kabisa. Injini ndogo, turbo, petroli inapulizwa moja kwa moja kwenye silinda. Alinipigia kuniambia na yeye anataka "ile yako ya bei nafuu". Nilimkatalia kabla hajamaliza. Mhimili wa turbo ndogo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika, umeelea juu ya oili, na ukizima injini ikiwa moto oili iliyobaki pale inapikwa mpaka inageuka makaa. Kitabu chake kinataka sintetiki 5W-30 ya kiwango cha API SP, kilichotoka mwaka 2020. Kiwango hicho kina jaribio maalumu dhidi ya mwako unaotangulia cheche, ugonjwa wa injini ndogo za turbo unaoweza kuvunja pistoni. Hapo hapana ubishi. Nilimwambia pia asubiri kidogo kabla ya kuzima akitoka mwendo mkali. Alisema ninamfundisha kuendesha. Sawa, dada.

Sevisi yake ya mwisho ilibakiza kiasi cha nusu lita ya sintetiki, akaniachia. Juzi dipstiki yangu ilikuwa imeshuka kidogo, nikafungua kifuniko na kuanza kuimimina. Fundi alikuwa amesimama pembeni, akanishika mkono: "Unachanganya?" Nikamwonyesha nembo ya API kwenye galoni. Oili zinazopewa kibali hicho hutakiwa ziweze kuchanganyika na nyingine za namna hiyo, na kitabu changu chenyewe kinaitaja 5W-30 kabla ya 10W-30. Aliisoma nembo, akaigeuza galoni, akaisoma tena.

"Haya, mimina," akasema. "Lakini andika kwenye daftari lako."

Nimeandika: 98,000... hapana, nimekosea, 198,000. Nusu lita, ya dada.